Nimefungua kiyoyozi nikakuta vumbi, sasa siwezi kumtazama shemeji usoni

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku, nimekaa sebuleni kwenye mkeka maana chumbani hakulaliki. Nina miaka 33, nimeolewa mwaka wa saba huu, tuna mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne. Tumepanga fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, Kijitonyama, si mbali na barabara inayojengwa. Vumbi la hapa ukifuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole.

Tuna kiyoyozi kimoja tu, kiko chumbani kwetu. Tulikikuta, ni cha mwenye nyumba, lakini mkataba unasema matengenezo madogo ni juu ya mpangaji. Mwaka wa kwanza hakikuwa na neno. Kaskazi iliyopita kikaanza kuchoka: kinavuma usiku kucha, chumba hakipoi. Mume wangu akamwita mdogo wake, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye ni fundi wa AC na friji. Huyu shemeji yangu mama yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na mama mkwe wangu, kwa hiyo yeye na mume wangu wamekula sahani moja tangu utoto.

Shemeji akaja, akaenda kibarazani iliko ile mashine ya nje, akaimwagia maji, akachomeka mipira na geji zake za kupimia presha, dakika ishirini akasema gesi imekwisha. Elfu themanini. Chumba kikapoa kidogo kwa wiki mbili tatu, kikarudi kulekule. Akaitwa tena, gesi tena, themanini tena. Na mara ya tatu vivyo hivyo. Wakati huohuo umeme wa LUKU wa elfu hamsini, ambao zamani ulitufikisha wiki tatu, ukawa unakata siku ya kumi na mbili. Mume wangu akasema natazama sana tamthilia.

Wiki mbili zilizopita mume wangu yuko Dodoma kikazi. Usiku nimelala, nikasikia tone kwenye mto. Tak. Baadaye tena, tak. Nawasha taa, maji yanatoka kwenye kiyoyozi na yanateremka ukutani. Mume wangu alishanikataza kabisa kugusa vitu vya umeme, lakini mtoto alikuwa kitandani amelowa. Nikazima kwenye swichi, nikaleta stuli ya jikoni, nikamulika kwa simu. Natafuta maji yanatokea wapi, nikashika lile bamba la mbele, likanyanyuka lenyewe, ta! Ndani nikaona kama kipande cha blanketi la kijivu. Nilidhani ndivyo lilivyotengenezwa. Nilipogusa kwa kidole, kidole kikazama.

Shangazi, lilikuwa vumbi tupu. Nikachomoa zile nyavu mbili, nikaenda nazo bafuni, nikaziosha kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Maji yalitoka kama chai ya mkandaa. Halafu nikaona kitu kilichonikatisha pumzi: kati ya lile vumbi kulikuwa na nyuzi za rasta rangi ya damu ya mzee. Rasta za rangi hiyo nilisuka mara moja tu maishani, kwenye harusi ya wifi yangu, mwezi tuliohamia hapa. Maana yake ni kwamba tangu tumehamia, miaka miwili, hakuna mtu aliyewahi kuifungua ile filta. Wala mimi, wala mume wangu, wala shemeji aliyelipwa laki mbili na arobaini.

Nilipozirudisha zikiwa kavu, chumba kikapoa kama siku ya kwanza. Nililala nimejifunika shuka mbili na nikalia. Sijui hata nilikuwa nalilia nini.

Wavu mmoja una tundu pembeni, umechanika. Nikampigia dada yangu anayeishi Columbus, Ohio, akashangaa kwamba naosha filta. Akasema huko kwao wanazitupa kila miezi mitatu na kuweka mpya. Nikaenda Kariakoo kutafuta mpya, muuzaji akasema ya AC yangu hana, akaniuzia sponji nyeupe ya elfu kumi na tano, akanikatia saizi. Nikaibandika juu ya nyavu zote mbili. Sasa wiki ya pili, ubaridi umeanza kupungua tena, ndiyo maana niko mkekani. Kwa hiyo labda shemeji alikuwa mkweli na gesi kweli inaisha? Nimechanganyikiwa.

Halafu mama mkwe yuko hapa mwezi mmoja, amekuja kutoka Pangani kwa kliniki ya presha. Anaamini kiyoyozi ndicho kinamletea mjukuu wake nimonia. Mtoto ana pumu, tuliambiwa mwaka jana, na usiku anakohoa. Jioni rimoti inapotea, naitafuta nyumba nzima, mwisho naikuta imefungwa kwenye pindo la kanga ya mama. Nilipoona lile vumbi nikajiuliza: je, ni mimi niliyemlaza mwanangu chini ya uchafu ule miaka miwili?

Mume wangu anarudi Ijumaa. Jana amenipigia: "Nimeongea na dogo, Jumamosi anakuja kuongeza gesi, mtayarishie themanini." Nikasema sawa. Sijamwambia nilichokiona. Nikimwambia, ataniuliza nani amenituma kupanda stuli, na itaonekana nahesabu hela ya ndugu yake, ambaye mkewe amejifungua mwezi uliopita. Nikinyamaza, Jumamosi nitahesabu noti nane za elfu kumi nikijua. Na mama mkwe atakuwa amekaa hapohapo sebuleni, anamtazama mwanawe wa kulea.

Nifanyeje, Shangazi?

Mlala Jasho, Kijitonyama

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa usiku huo wa mkekani, na pole kwa mto uliolowa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unaniuliza habari ya kiyoyozi. Ya pili nikaona kwamba kiyoyozi kimekufungulia mlango tu, na mlangoni wamesimama watu wanne: shemeji unayemshuku, mume unayemficha, mama mkwe mnayegombea rimoti bila kusemezana, na wewe mwenyewe uliyejihukumu bafuni ukiwa umeshika mswaki. Nitapita kwa kila mmoja. Lakini niruhusu nianze na ile sponji, maana hiyo haihitaji kikao cha ukoo.

Itoe. Ukimaliza kusoma, zima kwenye swichi, panda stuli yako na uitoe. Dada yako hakukudanganya, ila anazungumzia mashine nyingine. Nyumba nyingi za Marekani zina mtambo mmoja unaopuliza hewa nyumba nzima kupitia mifereji ya bati, na filta yake ni ya karatasi au kitambaa kilichokunjwakunjwa ndani ya fremu. Hiyo haioshwi. Ikijaa inatupwa, na wengi huibadilisha kila mwezi hadi miezi mitatu. Cha kwako ni cha ukutani, na nyavu zake za plastiki zimetengenezwa ili zioshwe na kurudishwa, miaka na miaka. Feni ya ndani ya kiyoyozi cha ukutani haina nguvu ya kuvuta hewa kupenya sponji. Umeondoa blanketi la kijivu, ukaweka blanketi jeupe. Sitashangaa ukinambia kwamba ubaridi umerudi usiku uleule ulioitoa, na kama haukurudi, basi hapo tutakuwa na sababu nzuri ya kuzungumzia gesi.

Ule wavu uliochanika, huo ndio wa kubadilisha. Tundu likiwepo vumbi linapita moja kwa moja na kuganda kwenye koili, yale mapezi membamba ya alumini uliyoyaona nyuma yake, na kuyasafisha hayo ni kazi ya fundi (usiyaguse kwa kidole, yanakata kama wembe). Usiende dukani kuuliza "filta ya AC" hivihivi. Chomoa ule mzima uende nao mkononi, na upige picha ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine yenye namba ya modeli. Na kama kwenye wavu kuna kijipande kidogo cheusi kama mkaa, hicho ni cha kunyonya harufu. Hicho huwa kinachoka na kubadilishwa, lakini kiyoyozi kinafanya kazi vizuri tu bila hicho.

Sasa tuje kwa shemeji. Umesema maneno mawili kuhusu yeye, moja bila kuliandika: kwamba ni mwizi, au kwamba alikuwa mkweli. Mimi naona kuna la tatu, na ili ulione inabidi nikueleze jambo la kifundi kidogo.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inatoka nje, inaingia ndani, inarudi nje, na kama hakuna tundu inakaa humo miaka yote. Kwa hiyo "gesi imekwisha" mara tatu ni sentensi isiyokamilika. Kama ilipungua, ilitokea wapi? Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta inapovuja anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Lakini sikiliza upande wa pili. Filta ikiziba, hewa ya joto ya chumbani haifiki kwenye koili. Gesi iliyomo ndani inakosa joto la kufyonza, na presha upande wa kuvuta inashuka. Fundi akichomeka geji yake kule kibarazani anaona sindano imelala chini, na sindano hiyo hiyo inalala chini hivyo hivyo gesi ikiwa imepungua kweli. Asipoingia ndani kufungua bamba la mbele, kwa sindano hiyo peke yake hawezi kuzitofautisha. Akiongeza gesi, sindano inapanda, anaridhika. Na akimwagia maji mashine ya nje, vumbi la huko linatoka, kwa hiyo mnapata wiki mbili tatu za nafuu. Kila kitu kinamwambia yuko sahihi.

Hata yale maji yaliyokudondokea yana chanzo hichohicho. Koili isiyopata hewa inapoa kupita kiasi mpaka unyevu wa hewa ya Dar unaganda juu yake kuwa barafu, barafu inazidi kuzuia hewa, na inapoyeyuka maji yanazidi kile kitrei chake na kuteremka ukutani. LUKU nayo ni hivyo hivyo: kompresa, ile pampu ya mashine ya nje inayozungusha gesi, hupumzika chumba kikifika nyuzi ulizoweka, chako kilikuwa hakifiki, kwa hiyo haikupumzika. Tamthilia zako hazina kesi hapa.

Kwa hiyo inawezekana kabisa shemeji yako alikuwa anaamini alichokuwa anakwambia. Siandiki hivi kumsafisha. Fundi anayelipwa mara tatu bila kufungua bamba linalofunguka kwa vidole viwili ana kasoro, na kasoro hiyo ni ya kazi yake, awe mwaminifu au asiwe. Nasema tu kwamba uzembe na wizi ni mashtaka mawili tofauti, na uliyekaa nayo peke yako wiki mbili usiku ni rahisi kuyachanganya.

Na kuna hatari moja ambayo huenda hujaifikiria. Kama gesi haikuwa imepungua, basi sasa hivi mashine ile ina gesi kupita kiasi, maana imeongezwa mara tatu. Filta ikiwa imeziba haionekani sana. Filta ikiwa safi presha inapanda, na kompresa, ambayo ndiyo roho ya kiyoyozi na ndiyo ghali kuliko vyote, inaweza kuungua. Hiyo ni mali ya mwenye nyumba. Kwa hiyo kuongeza gesi Jumamosi bila kupima si suala la elfu themanini tu. Ubavuni mwa mashine ya nje kuna stika inayotaja aina ya gesi, R-410A, R-32 au nyingine, na uzito wake kwa gramu au kilo. Fundi mzuri akiwa na shaka huivuta gesi yote kwenye mtungi wake, haipulizi hewani, anahakikisha hakuna panapovuja, kisha anarudisha kwa mizani kiasi kilichoandikwa pale. Kuifungulia tu iende angani ni kosa, kwa mazingira na kwa usalama pia, maana R-32 inaweza kushika moto.

Basi unaona, una swali ambalo unaweza kuliuliza Jumamosi bila kumtuhumu mtu: "Shemeji, hebu tupime kwanza filta ikiwa safi." Swali hilo linaweza kuulizwa na wewe, na mumeo, au hata na mama mkwe. Tatizo ni nani aulize, na hapo ndipo tunapofika kwa mumeo.

Umeandika kwamba ukimwambia atakuuliza nani alikutuma kupanda stuli. Hivi kweli ndivyo atakavyouliza? Unamjua wewe, mimi simjui. Lakini nimejiuliza kama lile katazo lake la umeme lilikuwa amri au lilikuwa hofu ya mtu anayesafiri na kumwacha mke na mtoto. Yanasikika sawa kwenye simu. Na wewe hukugusa nyaya. Ulizima swichi na kutoa wavu wa plastiki, kazi ambayo vijitabu vya viyoyozi kwa kawaida vinamwachia mtumiaji mwenyewe aifanye. Pengine anahitaji kuona ilivyo rahisi. Pengine pia ataona aibu, kwa sababu naye amelala chini ya blanketi lile miaka miwili, na wanaume wengine aibu ikiwapata inatoka ikiwa imevaa nguo za hasira. Hiyo ni hatari ya kweli, nisikufiche.

Njia mojawapo ni kumwambia kabla Jumamosi haijafika, uso kwa uso Ijumaa usiku, mkiwa wawili. Kama ulitunza zile nyuzi za rasta au ulipiga picha, anza na hizo. Rasta za harusi ya dada yake zinaweza kumchekesha kabla hazijamuumiza, na mtu aliyecheka ni rahisi kuongea naye. Faida yake ni kwamba yeye ndiye atakayeamua azungumzeje na mdogo wake. Ubaya wake ni kwamba anaweza kuamua kunyamaza, na wewe utalazimika kuishi na uamuzi huo huku ukitayarisha noti nane.

Njia nyingine ni kumkabili shemeji mwenyewe, umpigie kabla hajaja, umwambie ulichokikuta, bila kutaja hela. Kwa fundi mwenye moyo, hiyo ni heshima kubwa: umemstiri. Anaweza kuja Jumamosi na kusema mwenyewe mbele ya kaka yake, "Jamani, nilikuwa naikosea hii." Lakini wewe ni mke wa kaka. Simu yako inaweza kupokelewa kama dharau, ikafika kwa mama mkwe imeshageuzwa kichwa chini miguu juu, na mumeo akalisikia la nyumbani kwake kutoka kwa wengine. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi katika njia hii.

Unaweza pia kumleta fundi mwingine kimyakimya kabla ya Ijumaa akapime. Utapata ukweli wa mashine. Lakini watoto husema, majirani husema, na mama mkwe yuko sebuleni hana kazi nyingine ila kuona nani anaingia. Au unaweza kumwambia mumeo tu kwamba kiyoyozi kimepona, asije mtu, na kuliacha lipite. Kuna ndoa zinazoendeshwa kwa vinyamazo vidogo kama hivi na hazijafa. Nitakuuliza tu: wewe ukinyamaza, unatulia au unahesabu? Barua yako ilihesabu mpaka noti.

Na hizo laki mbili na arobaini, unataka zirudi, au unataka zisitoke nyingine? Si swali moja. Kwenye nyumba yenye kichanga cha mwezi mmoja, la kwanza linaweza kuwa gumu kulidai hata ukiwa na haki. La pili linawezekana, tena linaweza kumsaidia na yeye. Kama shemeji alijifunza ufundi mtaani kwa kuangalia, VETA, wale wa vyuo vya ufundi, wana kozi za majokofu na viyoyozi, na wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Kaka mtu anaweza kumwambia hilo bila neno "mwizi" kutajwa humo ndani. Nimelitaja tu. Wewe ndiye unayejua kama ni kijana wa kuambiwa.

Mama mkwe. Hapa nitakuudhi kidogo: hajakosea yote. Nimonia haitokani na ubaridi, inatokana na vijidudu, kwa hilo amekosea. Lakini mtoto mwenye pumu hewa baridi ikimpiga usoni inaweza kumkohoza, na kiyoyozi chenye vumbi na unyevunyevu kinaweza kuota ukungu ambao nao unasumbua kifua. Kwa hiyo bibi aliyekuwa anaficha rimoti kwenye pindo la kanga alikuwa ameona kitu, ila amekipa jina lisilo lake. Sijui kama umewahi kumwonyesha lile vumbi. Nadhani, na ni dhana tu, kwamba ukimwita siku unayoosha, akashika wavu mmoja na wewe mmoja, kanga itafunguka. Atasema "si niliwaambia?" Mwache aseme. Weka nyuzi 25 au 26 badala ya 18, geuza upepo upande wa juu usimpige mtoto, na huenda mkaelewana bila kikao.

Lakini kumbuka pia kwamba taarifa itakuwa imefika kwake, na huyo ndiye mama wa kulea wa fundi. Akiona vumbi atauliza, "Na mwanangu alikuja kufanya nini hapa?" Kwa hiyo nani aone kwanza, mumeo au yeye, lifikirie.

Sasa mtoto, na wewe. Hukumlaza mwanao chini ya uchafu kwa makusudi, na mimi wala wewe hatuwezi kusema pumu yake ililetwa na filta. Pumu ina vichochezi vingi: vumbi la barabarani, wadudu wadogo wa kwenye magodoro, moshi, mafua, hata kucheka sana. Huenda lile vumbi lilikuwa linamwongezea kikohozi cha usiku. Mwambie daktari wake ulichokikuta, na kwamba umekiondoa, na uandike kwa wiki kadhaa anakohoa usiku mara ngapi. Hiyo itamsaidia daktari kuliko majuto yako. Dawa zake usizipunguze kwa sababu kiyoyozi kimeoshwa. Zile nyavu zinakamata nywele na vumbi nene, chembe ndogo kabisa zinapita. Na ukimwona anapumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani, anashindwa kuongea au kula, midomo inabadilika rangi, hapo ni hospitali saa hiyohiyo, iwe saa tisa usiku.

Siku ya kuosha, mtoto asiwe chumbani, nawe ufunge pua na kitambaa. Ukipitisha maji, yaanzie upande wa nyuma wa wavu ili vumbi litoke kulikoingilia. Ukianzia mbele unalisukumiza ndani ya matundu. Maji ya kawaida au vuguvugu, sabuni kidogo. Uanike kivulini, jua la kibarazani linaupinda plastiki na ukipinda hauingii tena kwenye reli zake. Usiurudishe ukiwa na maji. Kwa vumbi lenu hilo la barabara ningeosha kila wiki mbili, na barabara ikiisha, mara moja kwa mwezi. Wengine huosha siku wanayonunua LUKU ili wasisahau.

Nimeona umeniuliza "nifanyeje" na mimi nimekujibu kwa maswali zaidi. Nisamehe. Lakini mtu aliyeweza kuzima swichi, kupanda stuli usiku na kumtoa mtoto kwenye maji hajakosa ujasiri, amekosa tu mtu wa kufikiri naye kwa sauti kabla ya Ijumaa. Toa sponji kwanza, lala usiku mmoja kitandani kwako, kisha uitazame Jumamosi ukiwa umepumzika. Na ukiosha tena nyavu hizo wiki mbili zijazo, niandikie mistari miwili tu: maji yametoka rangi gani, na rimoti iko kwa nani.

Shangazi yako